Manyoya ya Dubu

Mie sitengenezi friji, nenda kwa Shaame.
Mie ni simu, na laptopu isiyomwagikiwa chai.
Duka langu Limbani, Wete, mlango wa bluu,
bango limebaki FUNDI, jina limebanduka.

Msimu huu tundu za chaji zote zanuka karafuu.
Nachokonoa kwa sindano, natoa vumbi,
juzi nimetoa kikonyo kizima,
na mwenye simu kaniapia haijatoka mfukoni.

Kazi ikipoa naangalia katuni.
Usinicheke. Nina miaka arubaini na moja, nina ndevu,
na naziangalia kwa kusimamisha, picha moja moja,
kama mtu achaguaye mchele.

Iko moja ya dubu. Dubu mwenyewe sijapata kumwona,
huku mnyama mkubwa ni ng'ombe wa Mcha.
Lakini manyoya, yakhe!
Upepo wapita, unywele huu walala, ule wakaidi.
Kuna mtu kakaa kitini mwezi mzima
akiufundisha unywele mmoja ukaidi.
Huyo ndiye nimwombeaye dua,
si yule atumaye picha ya mtoto mgonjwa asiyemjua
akaandika: ukipita bila kusema amina, moyo wako jiwe.
Mie hupita.

Na mtandao, kama waniuliza,
haukumharibu mtu. Watu wameingia nao walivyo,
ila sasa mnong'ono una kipaza sauti.
Kundi la ukoo wetu lina watu mia na kumi na nane,
limevunjika mara mbili kwa sababu ya sahani za harusi.
Salha, yuko Maskati, hutuma sauti ya dakika tisa
kusema hana la kusema.
Nasikiliza yote. Mara nyengine narudia.

Bahari za katuni ndizo sizipendi.
Safi mno. Hata ndala moja haielei.

Mize, mtoto wa dada yangu, hakai kimya:
"Mjomba, samaki yule asema nini?"
Namgeuzia papo hapo, kwa lafudhi ya Kojani,
maana samaki, kama wana kwao, ni Kojani.
Papa nikampa sauti ya Bi Tatu akidai deni la sukari.
Siku moja nikarekodi, nikaitupa mtandaoni, nikalala.
Asubuhi watu elfu sita.
Wa Mjini wacheka matamshi,
wa Kojani wasema hiyo si Kojani, ni Wete yajifanya,
na mmoja, picha yake ua, hana jina,
kaandika maneno matatu:
mamangu alisema hivi.
Niliyasoma mpaka betri ikashuka asilimia nne.

Jumatano umeme ukakatika.
Dubu yuko juu ya mlima, theluji mpaka kifuani,
dakika kumi na mbili zimebaki.
Umeme wetu watoka bara, kwa waya chini ya bahari,
hii yetu, yenye ndala.
Betri ya laptopu nilishamuuzia mtu. Kosa langu.
Tukakaa gizani, nikangoja Mize alie.

Akasema: "Basi dubu akashuka,
akenda kwa mamake,
mamake akamwambia kaoge, wanuka."
"Na theluji?"
"Ikayayuka. Pale wakatandika majamvi,
wakaanika karafuu."
"Dubu naye akaanika?"
"Dubu mkono wake mkubwa, Mjomba. Yeye afukuza kuku."

Umeme ulirudi saa nne, mtoto keshalala,
kiganja chake juu ya kibodi,
kioo kimejaa herufi moja, mstari baada ya mstari.

Zile dakika kumi na mbili sijaziangalia.
Nadhani mwisho wao wanaimba.