Suruali ya Nolberto

Siku ya nne mvua inatwanga bati,
na hapa Chiloé mvua haibishi hodi:
inaingia, inakaa, inauliza chakula kiko wapi.
Nimechochea jiko. Nimemfukuza paka kwenye kapu la sufu,
sufu ya kondoo wa Hortensia, nzito, inanuka mafuta na majani,
nyingine nimeichemsha na maganda ya vitunguu
ikatoka njano kama kiini cha yai.

Namfuma kuku.
Uzi wa njano umeniishia kwenye goti la kwanza,
basi mguu wa pili ni wa kijani,
na wa tatu
(ndiyo, wa tatu, nilihesabu huku nikibishana na redio)
ni wa soksi iliyofiwa na mwenziwe.
Yasna, mjukuu wangu, akamgeuza, akasema,
"Bibi, huyu atakimbia akizunguka."
Na azunguke. Hakutoka kiwandani.

Nolberto anatafuta suruali yake.
Ile ya jinzi, anasema, ya kazi,
iliyoning'inia nyuma ya mlango
tangu alipoacha kulisha samaki wa vizimbani.
Namwambia itakuwa imefuliwa.
Namwambia upepo umeiazima.
Sindano zangu zinagongana upesi upesi
kama meno ya shahidi wa uongo.

Juu ya kabati, kati ya chupa za jamu,
yupo nyangumi.
Mgongo ni mguu wa kulia, tumbo ni mguu wa kushoto,
macho ni vifungo vya koti la marehemu mama,
havilingani: kimoja kinashangaa, kingine kinasinzia.
Mdomo ni zipu.
Humo Yasna hutia kila asichokipenda:
vidonge vya minyoo,
barua ya mwalimu wa hesabu,
jino lililong'oka kabla hajajiandaa.

Fuma, fumua, fuma tena.
Sweta likifumuliwa huwa kofia,
kofia huwa kivazi cha birika,
birika likivunjika, kivazi humkaa paka, paka akitaka.
Hakuna kinachokufa nyumbani humu, hubadili jina tu.
Lakini ajuaye kufuma
ajue pia kuna kufumaniwa.

Alisimama mbele ya kabati, kijiko cha jamu mkononi.
Akamtazama nyangumi.
Nyangumi akamtazama kwa lile jicho linalosinzia.
Kiraka cha goti alikitambua, nilikitia mwenyewe,
kitambaa cha pazia, maua mekundu.
Akafungua zipu.
Hata mvua ilipunguza sauti.

Akatoa vidonge. Akatoa barua. Akatoa jino, akalipuliza vumbi.
Kisha akazamisha mkono hadi kiwiko,
kwenye mfuko wa nyuma, niliouacha ndani
nikidhani kila mnyama anahitaji figo,
akaibuka na noti tatu zilizokunjwa, na msumari.

"Za sindano zako mpya," alisema. "Za mwanzi. Siku yako ya kuzaliwa."
Msumari hakuueleza. Mimi sikuuliza.

Akaketi karibu na jiko, akanyoosha mikono yote miwili
kama mtu anayesubiri pingu.
Nikamvika shada la uzi, nikaanza kukunja bonge,
naye akiyumba kushoto, kulia, kushoto,
mateka asiyetaka kuokolewa.

"Na hii barua ya hesabu," akauliza, mikono imefungwa,
"nani ataitia sahihi?"
Yasna hakujibu.
Alimchukua kuku wa miguu mitatu,
akamweka mezani katikati yetu,
akasema, "Nimerithi."