Daftari la Moshi

Kazi yangu ni kuusoma moshi.
Msicheke. Mji wenyewe unaitwa hivyo
na utani huo ulishachakaa kabla sijazaliwa.

Kila saa napanda ngazi ya chuma nyuma ya mizani ya malori,
nanyoosha mkono wenye kadi ya rangi tano,
kuanzia maziwa yaliyotiwa maji
hadi tako la chungu cha mbege,
nailinganisha na kinachotoka kwenye dohani,
naandika namba. Tatu. Tatu. Nne.
Meneja haipendi nne.
"Ndelilio, jua lilikupiga machoni."
Basi naandika mbili na nusu,
namba ambayo kwenye kadi haipo.

Tunatengeneza maboksi,
ya waridi, ya maharage machanga,
vitu vinavyopaa usiku kutoka KIA
vikaamkie meza za watu nisiowajua.
Korona haikuanza kwa kupiga hodi kwetu.
Ilizuia ndege. Waridi likaozea shambani,
na Jumanne moja, saa nne na robo,
Elirehema akafunga valvu ya mafuta mazito
polepole, kama anayemfumba marehemu macho.

Mimi niliambiwa niendelee kuja. Daftari ni sheria.
Sifuri.
Sifuri.
Sifuri, na kunguru ametua juu ya dohani.

Mlima ulionekana, ndiyo, mpaka mikunjo yake,
lakini mlima una wa kuusifu.
Mimi nilitazama kamba ya Mama Nakadori ng'ambo ya ukuta:
shuka za gesti, miaka yote zikianikwa nyeupe
zikaanuliwa na vumbi jeusi kama pilipili manga,
naye akinisonya mimi, kana kwamba dohani ni pua yangu.
Sasa zilikauka nyeupe, zikakaa nyeupe.
Wageni hawakuwepo. Alizifua zilezile,
hazijalaliwa na mtu,
ili mikono isisahau.

Na Anansia wangu, ambaye kifua chake
kilipiga filimbi tangu akiwa na miaka miwili,
alilala kimya.
Kimya hadi nikaamka, nikaweka sikio mdomoni pake.

Mshahara ukawa nusu. Ukawa robo.
Ukawa "vuta subira."
Mtungi wa gesi ukaisha Ijumaa; Ndeshi hakusema neno,
aliyatoa mafiga nyuma ya banda la kuku, akayakung'uta.
Elirehema akapanda Kibosho, akakata mibuni ya baba yake,
ile iliyomsomesha,
akaichoma mkaa, akauza kwa kopo pale Pasua.
Na jioni kila nyumba ikawa na boila yake:
mchaichai, malimao, muarobaini chunguni,
watu chini ya blanketi wakijifukiza,
wakitoka na nyuso nyekundu kama wameungama.

Nilipanda ngazi saa kumi na mbili, si saa ya kazi.
Dohani yetu, sifuri.
Chini yake nyuzi mia, mia mbili, nyembamba, za buluu,
kutoka Njoro hadi Bomambuzi,
na moja ninayoijua.
Niliinua kadi. Niliishusha.

Mwezi wa tisa Elirehema akawasha.
Masizi ya miezi mitano yakatoka kwa pamoja,
meusi, mazito, yakapinda kuelekea kwetu,
na getini, kando ya ndoo za kunawia,
wanaume wazima wakapiga makofi.
Nami nilipiga.
Niliandika tano, mara ya kwanza maishani,
na meneja hakubisha; alituagizia soda.
Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anaanua kwa mbio.
Usiku, filimbi.

Januari akaja mkaguzi wa mazingira, kijana mwenye adabu.
Akafunua kurasa za sifuri, akalamba kidole, akafunua tena.
"Hongereni," akasema. "Mwaka huu mmejitahidi kweli."
Akapiga muhuri.
Nikamtazama Elirehema.
Alikuwa anakwangua mkaa chini ya ukucha.