Mita Mbili za Maji

Naliaka aliniachia kamera na maneno mawili:
"Shangazi, usiiloweshe."
Akapanda basi la Eldoret kurudi chuoni,
nami nikabaki Webuye na mashine nyeusi
nzito kama pasi ya makaa.

Miaka ishirini na sita nimeshona.
Najua pindo, najua kola, namjua mteja
anayevuta tumbo ndani nikimpima kiuno.
Sikujua kwamba nuru nayo hupimwa,
kwamba ukiikata vibaya
hakuna duka la kuirudisha.

Jumapili baada ya misa nikashuka Nabuyole.
Mvua ilikuwa imepiga Cherang'ani siku tatu;
Nzoia ikaja na rangi ya chai ya hotelini,
maziwa machache, majani mengi,
ikaruka mwamba bila kuuliza kina.

Picha ya kwanza: nyeupe tupu.
Nimeyaunguza maji, kama mwanagenzi
aliyesahau pasi juu ya shati la mwenyewe.
Ya pili: kidole changu.
Ya tatu, matone yamesimama hewani,
kila tone peke yake, vifungo
vilivyokatika kwenye kanzu ya padri.
Hiyo niliipenda.

Lakini Naliaka alikuwa ameniandikia kwenye karatasi:
maji mazuri ni yale laini,
fungua jicho sekunde mbili, kamera isitikisike,
yatakuwa hariri.
Isitikisike! Kwa miguu mitatu ipi?
Nikaomba gunia kwa vijana wachota mchanga,
nikailaza mchangani kama mtoto mchanga,
nikazuia pumzi kama ninavyoizuia
nikitafuta tundu la sindano.
Moja.
Mbili.

Kweli, hariri.
Satini ya bibi harusi, isiyo na mshono,
inateleza kutoka mezani.
Mto mzima na ghadhabu zake umepigwa pasi.
Na Masika, mtoto wa jirani aliyenibebea mwavuli,
aliyekuwa akirukaruka kwenye jiwe la kushoto,
hayupo.
Nikatazama kioo, nikatazama jiwe.
Jiweni yupo, pua inamtiririka, anatafuna muwa.
Pichani ni mvuke tu
wa sufuria iliyofunuliwa.
"Nimekwenda wapi?" akauliza.
Nikafuta lenzi kwa ncha ya leso,
nikaichafua zaidi.

Naijua satini. Inanidanganya kuliko vitambaa vyote:
hung'aa dukani, hukimbia chini ya mashine,
na siku ya pili ya ndoa huonyesha kila tone la mchuzi.
Mto niliousikia siku ile haukuwa satini.
Ulikuwa marekani, ulikuwa gunia, ulikuwa jinzi
iliyopasuka gotini, nyuzi zikining'inia,
na kelele kama cherehani mia za chuo cha ufundi
zinazokanyagwa kwa pamoja, mwalimu ametoka nje.
Kelele hiyo sikupata kitufe chake.

Nilipiga thelathini na nane. Betri ikafa.
Nikachapisha moja tu, mjini, kwa shilingi mia na hamsini.
Si hariri, si vifungo; iko katikati,
imelalia upande, na tone moja la Nzoia
limekaa juu ya lenzi, limemeza nusu ya mwamba.
Masika yumo: mguu mmoja hewani,
wa pili haujulikani.

Nimeitundika karibu na tepu ya kupimia.
Jana mama mmoja wa Misikhu, ameleta gauni la kupunguza,
aliitazama kwa muda, miwani mkononi,
akauliza kitambaa kile ni pesa ngapi kwa mita,
na kama kinachuja kikifuliwa.

Nikamwambia kinachuja,
tangu Cherang'ani.