Maji Yaliyopanda Kiangazi

Sanduku lenyewe halizidi pakiti ya tende.
Nimelipachika Shela, juu ya kisima cha kina Mwanakheri,
uso chini, kwa nati nne zisizoshika kutu.
Muuzaji wa Mombasa aliapa. Nimeshaona ukahawia.

Ndani mna sauti isiyosikika.
Huanza chini, hupanda,
haina vidato, mwinuko mmoja tu ulionyooka,
ikifika juu hukatika
na kuanza tena, kabla kope haijagusa kope.
Ikiachwa peke yake hupindapinda, hasa adhuhuri,
bati likiwaka.
Basi imewekewa fuwele, ndogo kama punje ya mchele,
isiyojua lolote ila kuhesabu,
nayo huikemea kama mwalimu wa chuoni:
hapo umepitiliza, rudi,
hapo umechelewa, soma.

Mawimbi hushuka, hugonga maji, hurudi.
Yanaporudi, aliyeyatuma ameshapanda.
Mwangwi humkuta juu ya pale ulipomwacha.
Wakati wenyewe siupimi,
ni mfupi, hauna pa kushikwa.
Napima mwachano:
sauti ya sasa na sauti ya punde
zikichanganywa huzaa mtetemo wa polepole,
na huo ndio kina.
Maji yakiwa karibu, mtetemo mnene.
Yakiwa mbali, mwembamba.

Nao siunywi mzima. Nauchota kwa vikombe,
kikombe, kikombe, kikombe,
kila kimoja namba moja,
na kutoka kwenye namba naujenga upya.

Hapo ndipo nilipokosea.
Nilibania betri. Nikapunguza vikombe.

Januari, jua kali, bustani za Shela majani makavu,
simu yangu ikaleta habari njema:
maji yanapanda.
Mita nane. Saba na nusu. Saba.
Famau wa kamati ya maji akaichapa grafu,
akaibandika mlangoni pa duka lake,
watu wakapita wakisema alhamdulillahi.
Mimi nikapokea pongezi, na sahani ya mkate wa sinia.

Mwanakheri akateremsha ndoo.
Kamba ikaisha mkononi.
Ndoo ikarudi na mchanga.

"Mashine yako ina adabu," akaniambia.
"Inasema tunachotaka."

Usiku ule sikulala, nilikaa na namba.
Mtetemo ulikuwa umenizidi wembamba.
Baina ya kikombe na kikombe
ulipanda, ukashuka, mimi sipo.
Ni kama feni unayoitazama ukipepesa:
ukipepesa vibaya, mapanga huzunguka kinyumenyume
na macho yako yatakula kiapo.
Mpaka wangu ulikuwa mita nane.
Maji yalikuwa tisa.
Ile moja iliyozidi ikajikunja,
ikarudi kwangu kama moja iliyopungua.
Kila yalipozama, nilisema yanapanda.

Nimeongeza vikombe maradufu.
Betri ife mapema, nitakuja na nyingine,
boti ya Shela ni nauli ndogo kuliko aibu.
Famau hakuitaka grafu mpya.
Ya zamani ingalipo mlangoni, imepauka,
mstari wake ukipanda kwa raha zake.

Mwanakheri ameunga kamba, fundo kila pima.
Leo sanduku lasema mita tisa na robo.
Kamba yasema pima tano na vidole.
Nimeziandika zote mbili daftarini,
kamba kwanza.