Huyu Hakupita Kwangu

Masika ikiisha, Mto Mbezi hurudi kitandani
kama mlevi, nguo zake zimetapakaa:
kandambili ya mguu mmoja, mlango wa friji,
na mchanga, mchanga mpya. Huo ndio tunaoushukia
na makoleo, kabla lori la Kimweri halijapiga honi.

Mchanga unapita. Mifupa inabaki juu ya wavu.
Wenzangu huitupa kando. Mimi huitia
katika ndoo ya rangi iliyokwisha rangi,
sijui kwa nini. Labda kinachokataa kupita
kinastahili kuulizwa jina.

Jumapili nampelekea Mwinjuma.
Miaka kumi na tisa machinjioni Vingunguti;
shoka lilimwachia vidole vinane
na vyote vinane vinajua kusoma.
Anatandaza gunia barazani, anamimina ndoo.
Hatazami. Anapapasa,
masikio yako kwenye mpira redioni.

"Ng'ombe. Ng'ombe. Ng'ombe, huyu ndama.
Mbuzi, kikongwe, ona meno yalivyolika.
Paja la kuku: pilau ya harusi hiyo.
Huyu mbwa. Aligongwa, mguu ukaunga kombo,
akaishi na kombo lake.
Na hili ni bomba la plastiki, Bi Siwema,
macho yanakuzeekea."

Mfupa wa juzi, ananifundisha, una mafuta bado;
utie moto, utanuka saluni.
Wa zamani kidogo ni mwepesi, mkate uliokauka.
Uliogeuka jiwe unauzidi umbo lake kwa uzito,
ukiugonga kwa kijiko unalia kama kikombe.
"Na ukitaka hakika, pale ulipovunjika, onja."

Alinipa mmoja, urefu wa kiganja,
mweusi kama sufuria ya mkaa, umepinda kidogo.
Nikaweka ulimi. Ukanata.
Ulimi hauna mfupa, walisema waliotulea;
wangu siku hiyo uliupata,
na ilibidi niuvute.

Akazima redio, na Simba walikuwa wanapiga kona.
Akaugeuza. Akaugeuza tena.
"Ubavu. Lakini ubavu gani huu,
mnene hivi, ndani hauna hata njia ya uboho?"
Kisha, taratibu, kama mtu anayekana deni:
"Huyu hakupita kwangu."

Nikafurahi, nisifiche. Nikashika ndoo niikung'ute,
kikadondoka kimoja kilichogandia chini.
Kidogo. Chepesi. Rangi ya chai ya maziwa.
Vidole vyake vikakifikia, vikasimama.

Akavua kofia.

Hakutaja jina, nami sikuuliza.
Mwaka juzi maji yalikula ukingo wa makaburi kule juu,
tulisikia, tukasema poleni,
tukaendelea kuchekecha.
Nilikifunga kwenye pindo la khanga, fundo moja,
tukapanda kilima hadi kwa mjumbe,
mjumbe akapiga simu,
polisi akaandika: *kipande, kimoja*,
akauliza tarehe niliyokiokota.
Sikuijua. Ndoo haina tarehe.

Ule mweusi niliupeleka makumbusho.
Binti mmoja, Nasieku, akaupima kwa rula,
akaulaza kando ya picha, akauma midomo.
Pengine nguva, alisema, nguva wa kale,
wa siku bahari ilipokuwa huku tunakojenga.
Pengine siyo. Ataandika barua, nisubiri.
Nasubiri.
Sioni uchungu wa kumngoja aliyekwisha kungoja hivyo.

Ni kile kidogo.
Kwa kile hakuna aliyeahidi barua.

Jumatatu niko mtoni, maji yako vifundoni.
Mchanga unapita, utakuwa kuta za vyumba vya watu,
utapakwa rangi, utapigiliwa misumari ya picha.
Na kila kinachobaki juu ya wavu
siku hizi nakigeuza mara mbili:
ya kwanza nikitamani kisijulikane,
ya pili nikiogopa
kwamba nimekijua.