Jogoo wa Mnada

Mimi ndiye mhazini. Daftari hili la kurasa mia mbili
linanuka tumbaku kama sisi sote,
maana kigango chetu kinasali ghalani
kwa hisani ya chama cha msingi,
na masoko yakianza, marobota yakijaa,
tunatolewa nje na altare yetu:
meza ya miguu mitatu na tofali.

Paroko huja mara moja kwa mwezi kutoka Urambo,
vumbi limempaka nyusi.
Akiinua hostia, Mzee Sizya hupiga chafya.
Ndiyo kengele yetu.

Mwaka ule tulisema: basi, tujenge.
Nikaandika kwa kalamu nyekundu:
Saruji, mifuko mia mbili na kumi. Hatuna.
Bati, geji ishirini na nane. Hatuna.
Mchanga. Huo upo, korongo limetupa bure.

Jumuiya ya Mtakatifu Rita walileta asali, madumu manne.
Jumuiya ya Yuda Tadei walileta ahadi.
Katekista Onesfori alitoa baiskeli yake,
akazika watu kwa miguu mwaka mzima.
Na Bi Gaudensia Kalunde, mjane, hana mbele hana nyuma,
alileta jogoo mmoja mwekundu,
kilemba kimelala upande kama kofia ya mgambo.

Baada ya baraka ya mwisho, mnada.
Nyawenda akamnunua elfu tano, akamwinua juu:
"Namrudisha kwa Mungu."
Akauzwa tena. Elfu sita. Akarudishwa.
Elfu nne na mia tano. Akarudishwa.
Dominika baada ya dominika, jogoo yuleyule,
miguu imefungwa kamba ya katani,
mkono kwa mkono kama habari njema.
Watoto wakamwita Mfadhili.
Usiku mmoja nilipiga hesabu kwa taa ya chemli:
jogoo amejenga kozi tano upande wa magharibi
na dirisha moja.
Siku za Jumapili aliacha kuwika. Nadhani alijua.

Dominika ya nne ya Kwaresima, mvua ikinguruma,
Deusi mnadi akaita: "Mfadhili huyu! Nani?"
Kule nyuma, karibu na mizani, kijana akasimama.
Simjui. Viatu vya tairi, vidole vyeusi kwa utomvu,
kibarua wa kuchuma tumbaku, hawa wanaotoka Kibondo na msimu.
"Elfu mbili," akasema.
Tukacheka kidogo.
Akahesabu sarafu, za mia mia na mia mbili,
moja ikaanguka, akaifuata chini ya benchi.
Tukangoja amwinue jogoo, aseme lile neno.
Hakusema. Akamtia kwapani.
"Mke wangu kajifungua usiku kule kambini," akasema.
"Hajaonja kitu cha moto."
Akatoka.

Hata Sizya hakupiga chafya.
Mkono wa Deusi ulibaki hewani, hauna cha kunadi.
Wawili watatu wakamtazama mwenye jogoo.
Bi Gaudensia akainuka polepole, akajifunga kanga kiunoni:
"Mmekaa? Supu inapikwa kwa macho?"
Wakatoka wanawake watano,
mmoja na chumvi, mmoja na kuni,
na sufuria kubwa la harusi, mali ya jumuiya,
likigonga magoti ya Leokadia njia nzima.

Niliandika: Jogoo, elfu mbili, taslimu.
Halafu ikanibidi kufuta neno "karudishwa".
Mkono ulikuwa umeshazoea.

Kanisa bado liko kwenye lenta.
Palipo pa altare nyasi zimeota,
mbuzi wa jirani wanajibanza ukutani jua likiwaka.
Ila Pasaka tulimbatiza mtoto yule mle ndani,
wa kwanza, kwa maji ya mvua yaliyokingwa palepale.
Alipolia, sauti ilipanda moja kwa moja,
haikugonga kitu.

Bati, geji ishirini na nane.
Hatuna.