Shubiri ya Mchiwa

Mwalimu Nyaulingo aliamka kichwa chini, miguu juu.
Birika limeteleza hadi mlangoni,
vitabu vyote vimeegemea kushoto
kama darasa linalochunguliana mtihani.

Basi hili liliachana na abiria kabla yeye hajaachana na chaki.
Aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko, pazia la maua,
akaliita nyumba.
Sasa nyumba imepiga goti mbele ya gereji yangu, Kizota,
goti la nyuma, la kushoto,
na upepo wa Agosti unaimwagia vumbi mgongoni.

"Fundi Chedego, baluni limekufa."
Baluni halifi hivyo, Mwalimu.
Kwanza tuweke stendi, mbili, za chuma, chini ya chesisi,
maana hewa si nguzo:
hubeba tani sita kutwa bila kunung'unika,
halafu ikaondoka bila kuaga,
na aliye uvunguni hapewi nafasi ya kuaga.

Nafungua koki ya tanki la hewa. Linatema maji,
mekundu kama chai ya rangi,
kikombe kizima, katika mji huu unaohesabu ndoo!
Ni ukungu wa Iringa, jasho la Manyoni;
kikaushio kilichoka zamani na hakuna aliyekijulia hali.
"Kila Jumamosi fungua koki hii, kabla hujanywa uji."
Anaandika kwenye daftari. Anapigia mstari.

Kisha sabuni ya unga, maji, brashi ya kunyolea.
Nalipaka baluni mashavu, mkunjo kwa mkunjo.
Kimya. Sabuni inakauka tu, inakuwa ramani.
Napaka viungo. Napaka valvu. Nafuata bomba kwa kidole
mpaka linapokutana na boliti ya chesisi,
na hapo
povu linavimba, linapasuka,
linavimba,
dogo kama jicho la mjusi.

Bomba la elfu nne!
Na sisi tulishakaa matanga ya baluni la laki tano.

Nakata palipoliwa, naunga, navalisha kipande cha tyubu.
Washa. Nyumba inainuka, pole, kama ngamia,
inafika usawa wake, inaupita,
inaendelea.
Ngazi ya mlango inaning'inia hewani.
"Zima! Nani kagusa mkono wa valvu ya kimo?"
"Mimi. Mke wangu alinielekeza: ekseli hadi chesisi,
shubiri mbili na vidole viwili."
Ananionyesha alivyopima. Kiganja kimefuta ubao
miaka thelathini na tano, kipana kama sinia.

"Shubiri ya nani, Mwalimu?"

Anautazama mkono wake
kama mwanafunzi aliyepewa vema kwa makosa.

Mchiwa yuko Kondoa, binti yao kajifungua.
Tunampigia. Mtandao unakatika, kichanga kinalia,
halafu kicheko, kirefu, cha kumalizia salio.
"Fungueni kabati la mtungi wa gesi.
Tazameni nyuma ya mlango."

Mkono. Umechorwa kwa rangi ya kucha,
dole gumba hadi kidole cha mwisho vimetanuliwa,
na chini yake, mwandiko wa haraka: *hapa, usizidishe.*

Tepu inasema kumi na tisa.
Mara mbili, jumlisha vidole, arobaini na moja u nusu.
Mwalimu alikuwa amezidisha kumi:
ndiyo maana bomba lilivutika likalalia boliti,
likasuguliwa Singida yote, kilomita kwa kilomita.

Nalegeza nati. Nateremsha mkono wa valvu.
Nyumba inashusha pumzi ndefu, inashuka, inatulia.
Ndani, maji ya birika yamelala bapa.

"Bomba elfu nne, kazi thelathini."
Hanisikii. Amesimama kabatini,
kaweka kiganja chake juu ya ule mchoro.
Vidole vyake vinazidi kwa pingili moja.
Anaandika kwenye daftari: *pingili moja.*
Anapigia mstari, mara mbili.